Simu Ilisema Ayeeyo Anakosea

Nilikuwa Kutulo kwa harusi. Kwa msomaji asiyepajua, huu ni mji mdogo kwenye barabara ya kutoka Wajir kwenda Mandera, kabla hujafika Elwak. Mimi ni mtu wa Garissa, na hata kwangu ni mbali. Ukishuka garini vumbi limekuingia mpaka kwenye kope.

Jioni akina mama walikaa mkekani, ngoma moja katikati, na ayeeyo, nyanya yake bibi harusi, akaanza buraanbur. Huo ni ushairi wa wanawake wa Kisomali. Mmoja anatoa beti kwa sauti ya kuimba, wengine wanashika makofi na ngoma, mmoja au wawili wanainuka kucheza. Sifa za ukoo, nasaha kwa mwari, kijembe kidogo kwa upande wa bwana harusi, vyote vimo humo humo. Binti mmoja akarekodi kwa simu, kwa idhini ya ayeeyo mwenyewe, ili jamaa walioko Minneapolis nao wapate kusikia.

Kesho yake kijana wa nyumba ile, fundi wa simu na kompyuta, akaniita. "Eeddo, njoo uone." Alikuwa amefungua programu ya kutyuni gitaa, ile yenye sindano. Ukiwa sawa sindano inasimama katikati na kuwa kijani, ukikosea inalala upande na kuwa nyekundu. Akacheza rekodi. Sindano ikalala kushoto, ikaruka kulia, ikarudi kushoto. Kijani ilikuwa ya kubahatisha tu.

"Unaona? Ayeeyo ana sauti, hiyo hatukatai. Lakini yuko nje ya tyuni. Ngoja nimrekebishe."

Akamrekebisha. Ilimchukua kama dakika kumi, kwa programu ya bure aliyoipata mtandaoni. Akaituma Marekani, halafu akaenda kumsikilizisha mwenyewe. Ayeeyo alitega sikio mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akauliza: "Anaimba vizuri. Binti wa nani huyu?"

Tulicheka sana. Kicheko kilinikauka nilipoomba ile rekodi ya kwanza. Haikuwepo. Simu ilikuwa imejaa, na ya zamani ikafutwa. Ya nini kuweka yenye makosa na iliyosahihishwa ipo?

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza simu ilijuaje kwamba ayeeyo anakosea. Nani aliiambia?

Chukua kinanda chochote, hata cha watoto. Kutoka do moja hadi do inayofuata juu yake kuna hatua 12, zote zimekatwa sawasawa kama vipande vya sabuni ya mche. Kila hatua imegawanywa senti 100, jumla senti 1,200. Sindano ya simu inasikiliza sauti yako, inatafuta hatua iliyo karibu zaidi, halafu inakuonyesha umeikosa kwa senti ngapi. Basi, kazi yake imeishia hapo. Haina habari na wimbo wala lugha, wala haijui kwamba kuna harusi.

Kinachonichekesha ni asili ya senti zenyewe. Kipimo hiki kilienezwa na Mwingereza Alexander Ellis, mtaalamu wa matamshi na wa sayansi ya sauti. Mwaka 1885 alichapisha utafiti juu ya skeli za mataifa mbalimbali, akipima ala za Kiarabu, za Kihindi, za Java na kwingineko. Alichohitimisha ni kwamba hakuna skeli moja iliyo ya asili kwa binadamu wote. Zipo nyingi, na zinatofautiana mno. Yaani rula ilitengenezwa ili kuonyesha jinsi watu wanavyotofautiana, na sisi tumeigeuza fimbo ya kuwachapia wasiofanana na piano.

Viwango vingine vilikuja baadaye. Mwaka 1975 shirika la kimataifa la viwango, ISO, lilithibitisha kwamba ile la ya katikati, ambayo wanamuziki huitumia kutyunia, iwe mitetemo 440 kwa sekunde. Mwaka 1997 ikaja programu ya Auto-Tune, mama wa programu zote za kusahihisha sauti. Aliyeibuni, Andy Hildebrand, alikuwa ametoka kwenye biashara ya kutafuta mafuta. Kule kazi ni kutikisa ardhi, kusikiliza mwangwi unaorudi, na kukokotoa kilichoko chini. Watu wa kaunti zetu wanayajua magari ya kazi hiyo, yamewahi kukatiza malishoni kwao. Hesabu za jamii ileile zilizokuwa zikisikiliza miamba zikahamishiwa kooni mwa mwimbaji.

Siilaumu programu yenyewe. Auto-Tune unaweza kuiambia ifuate skeli unayotaka wewe, au imguse mwimbaji kidogo tu, au imwache kabisa. Lakini nani anaiambia? Kijana wetu alibonyeza kitufe kimoja kilichoandikwa sahihisha, na nyuma ya kitufe hicho palikuwa na uamuzi ambao mtu mwingine alishaufanya, mbali, kwa niaba ya Kutulo.

Hapa kuna hoja ninayopingwa nayo kila mara, na ni hoja nzuri. Wanasema: dada, muziki wa Kisomali kwa sehemu kubwa ni wa sauti tano. Bonyeza vitufe vyeusi vya kinanda peke yake, utasikia Mogadishu. Sauti zote tano zimo mle ndani. Sasa kinanda kimemwonea ayeeyo wapi?

Ni kweli, zimo. Tena ndiyo sababu kinanda kimeingia kwetu bila vita, na kila harusi ya mjini siku hizi inacho. Lakini kuwa na vituo vitano si kuwa na barabara. Sikiliza mama mzee anayeimba: sauti haimtoki ikiwa imeshafika. Inaanzia chini kidogo ya kituo, inapanda, inakaa, inatikisika, halafu inateremka kuelekea kituo kingine, na mara nyingi neno lenye uzito ameliweka njiani. Programu ya kusahihisha inachofanya ni kuifuta njia na kuacha vituo. Ndiyo maana rekodi ile ilisikika safi na haikuwa na mtu ndani yake.

Tena hata vituo vyenyewe havikai pale piano inapodai. Watu wanaoimba pamoja bila ala, wakitafuta sauti mbili zikubaliane, masikio yao huvutwa na mwangwi wa asili. Mi inayopatana kabisa na do iko kwenye senti 386. Ya piano iko kwenye 400. Hizo senti 14 sikio lililozoea linazisikia, na mwimbaji ambaye hakulelewa na kinanda hana sababu yoyote ya kwenda kwenye 400. Kwa sol tofauti ni ndogo, 702 kwa 700, na hapo hakuna wa kugombana. Kwa hiyo sindano inapogeuka nyekundu, wakati mwingine inakuonyesha kosa la piano.

Wasomali wana neno luuq, yaani ule mwendo wa sauti unaobeba shairi. Mshairi wa gabay alitambulika kwa maneno yake na kwa luuq pia. Na ala iliyoubeba wimbo wa kisasa wa Kisomali ni kaban, ambayo watu wa pwani wanaiita udi. Shingo ya udi haina vile vyuma vinavyokata shingo ya gitaa. Kidole kinatua pale sikio linapotaka, si pale kiwanda kilipochonga. Balwo, nyimbo fupi za mapenzi zilizofungua mlango wa wimbo wa kisasa, zilianzishwa miaka ya 1940 na Abdi Sinimo, dereva wa lori. Anayetajwa kuwa baba wa muziki wa kaban wa Kisomali, Abdullahi Qarshe, alizaliwa Moshi mwaka 1924, pale pale chini ya Kilimanjaro, kabla hajapelekwa Aden. Nalitaja hili makusudi kwa wale wanaodhani muziki huu ni mambo ya huko ng'ambo ya mpaka. Ni wa Afrika Mashariki kama wali wa nazi.

Nimerudi kuzisikiliza rekodi nilizo nazo kwa sikio la yule kijana, nikijifanya sindano. Nilianza na Sweet as Broken Dates, mkusanyo uliotolewa mwaka 2017 na Ostinato Records, ukateuliwa kuwania tuzo ya Grammy. Nyimbo hizo zimetoka kwenye hazina iliyookolewa. Mwaka 1988, serikali ya Siad Barre ilipoilipua Hargeysa kwa ndege, kanda za redio zilifichwa, nyingine zikafukiwa ardhini ili zisiteketee. Leo kituo cha utamaduni cha Redsea mjini Hargeysa kinatunza maelfu ya kanda.

Kinachonivutia kwenye mkusanyo huo ni ugomvi mtamu kati ya ala na koo. Kinanda cha umeme kimenyooka, kinashika hatua zake 12 kama askari. Mwimbaji anaingia chini yake kidogo, anapanda taratibu kama mtu anayepanda ngazi gizani, na kabla hamjafika mahali pamoja ameshaanza kushuka. Kama wote wangekuwa kwenye mstari mmoja, wimbo ungekufa. Ndivyo ninavyomsikia pia Sahra Dawo wa Dur-Dur Band kwenye kanda yao ya tano, ya mwaka 1987. Gitaa na besi ni za dansi ya dunia nzima. Yeye ni wa kwao. Kwa hiyo sikubaliani na wazee wanaosema kinanda ndicho kilichoharibu. Bendi za Mogadishu zilikuwa na kinanda na bado koo likabaki huru, kwa sababu hakuna mtu aliyekuwa na uwezo wa kuingiza mkono kooni mwa mwimbaji akamsogeza.

Halafu nikasikiliza Garissa Express ya Gargar, kundi la akina mama wa kwetu Garissa, kazi ya studio ya Ketebul Music ya Nairobi. Hii naikosoa kwa upendo, maana ni nadra mno studio ya Nairobi kuvuka daraja la Tana kwa ajili ya muziki. Ninachoipendea ni kwamba ninawasikia akina mama kama watu wengi. Si kwaya ya shule iliyonolewa kwa mashindano mpaka sauti kumi ziwe moja. Mmoja anatangulia kufika, mwingine anamfuata, na kile kipande kidogo kilichobaki kati yao ndicho kinachoipa sauti unene wake. Ukiweka sindano pale itachanganyikiwa. Walalamishi watasema hawajanoa sauti. Mimi nasema ndivyo mkeka wa harusi unavyosikika, na ninapomwona gitaa akiingia ninamtaka afanye kama mgeni mwenye adabu: akae karibu na mlango.

Lakini rekodi hizi zote, za Hargeysa, za Mogadishu na za Garissa, zina bahati moja. Zilipita mikononi mwa watu waliokaa na kusikiliza. Rekodi ya ayeeyo haikuwa na bahati hiyo. Na siku hizi rekodi nyingi za bibi zetu ziko simuni, hazimo kwenye hazina ya mtu yeyote.

Sasa niwageukie rafiki zangu wa upande wa pili, maana nao wana kesi ya kujibu.

Kuna wapenzi wa muziki, wengi wao wa nje na baadhi wetu tuliosoma, ambao wakimsikia ayeeyo hawasemi amekosea. Wanasema, kwa furaha, kwamba anaimba mikrotoni. Vitoni vidogo vidogo, robo toni na mengineyo. Najua wanamsifu. Lakini jamani, vidogo kuliko nini? Kuliko hatua za piano. Yule kijana alimpima kwa piano akamfelisha. Hawa wamempima kwa piano ileile wakampa alama za juu. Mtihani haujabadilika.

Tazama mfano wa jirani. Amadinda ya Buganda, marimba yenye mbao nene, ina sauti tano ndani ya zile senti 1,200, zimegawanywa karibu sawasawa: kama 240 kila moja. Kwenye kinanda hakuna 240. Kuna 200, kuna 300. Ukiiita amadinda ala ya mikrotoni unachekesha, kwa sababu hatua zake ni kubwa kuliko hatua ya piano zaidi ya mara mbili! Hakuna kidogo hapo. Anayeichonga hajui kwamba amekwepa vitufe vya mtu. Anachonga amadinda.

Au chukua adhana. Naomba radhi kuitaja kwenye makala ya muziki. Adhana si muziki, najua, lakini ina mwendo wake wa sauti na waadhini hujifunza maqam zake. Ukisikia adhana ya Rast, ile hatua ya tatu inakaa karibu na senti 350, kati ya vitufe viwili, wala haimwombi mtu samahani. Kila mtoto wa Kutulo anaisikia kwenye spika za msikiti na hakuna hata mmoja aliyewahi kusema muadhini yuko nje ya tyuni. Yule fundi wetu mwenyewe huswali hapo hapo. Sikio lake linaijua sauti hiyo tangu kuzaliwa. Ni simu ndiyo isiyoijua, na yeye akaiamini simu kuliko sikio lake.

Waarabu wenyewe waliuliza swali hili zamani. Mwaka 1932 mfalme Fuad wa Misri aliitisha mkutano mkubwa wa muziki mjini Cairo. Walikuja wataalamu wa Kiarabu na wa Kituruki, na kutoka Ulaya watu kama Béla Bartók na Paul Hindemith. Moja ya mabishano yao lilikuwa hili: je, tuikate oktava vipande 24 vilivyo sawa, ili tupate kipimo kimoja, hata piano ya robo toni tuitengeneze? Hawakukubaliana. Waliopinga walikuwa na hoja rahisi, kwamba robo ya Cairo si robo ya Istanbul, na hata ndani ya mji mmoja maqam hii inaiweka juu kidogo, ile inaiweka chini. Ukikata 24 umeongeza vitufe, lakini bado ni vitufe.

Sisemi kipimo hakifai. Nimetumia senti tangu mwanzo wa makala haya, na bila senti nisingeweza kukuonyesha ile 386 wala ile 240. Kipimo kinafaa kinapokuja baada ya kusikiliza, kueleza kilichosikika. Shida ni pale kinapotangulia, mtu akasahihishwa kabla hajasikilizwa.

Wafugaji wetu wana koor, kengele ya mti anayovishwa ngamia shingoni. Imechongwa kwa mkono, kwa hiyo hakuna mbili zinazolia sawa. Ngamia wakipotea usiku kichakani, mchungaji husimama, hunyamaza, husikiliza, kisha husema: wale wangu, wapo upande ule. Hebu fikiria mtu mwenye nia njema akizikusanya kengele zote za Kutulo na kuzitengeneza upya ziwe na sauti moja nzuri. Zitapendeza. Na usiku huo watu watalala bila kujua mali yao iko wapi.

Ndiyo maana swali la ayeeyo halinitoki akilini. Hakusema wimbo umeharibika. Alisema umeimbwa vizuri. Alichokosa ni ukoo wa mwimbaji: binti wa nani? Kwetu hilo ndilo swali la kwanza kwa mgeni yeyote, na sauti iliyosahihishwa haikuwa na jibu.

Kwa hiyo ombi langu kwa vijana wenye simu ni dogo. Rekebisheni mkitaka, chezeni na programu zenu, wekeni na ngoma za kompyuta juu yake, baadhi ya mambo hayo nayapenda. Lakini ile rekodi ya kwanza msiifute. Iwekeni kwenye kadi, mpeni mtu mwingine nakala, andikeni jina lake, mji na harusi ya nani. Kama nafasi haitoshi, futeni iliyorekebishwa, maana hiyo mnaweza kuitengeneza tena kwa dakika kumi.

Nilipopita tena Kutulo, mwezi wa Mfungo Sita, nilikwenda kumwamkia ayeeyo. Safari hii nilikuwa na kinasa sauti changu, betri mpya, na nafasi tele. Baada ya chai ya maziwa nikamwomba anirudie zile beti alizomwimbia mjukuu wake.

Akaniangalia kwa muda, akatazama uani, akarudi kuniangalia mimi.

"Kwani kuna harusi?"